Usiniulize Nimepona Asilimia Ngapi

Juzi dada yangu mkubwa kanitumia video ya dakika tatu. Jamaa mwenye sauti nzito, muziki wa kubembeleza nyuma yake, anaahidi kumtoa mtu kwenye "ukungu", ile hali ya kujihisi kama si wewe na dunia kuwa kama ya bandia, kwa siku 10. Masharti yake mepesi: pumua anavyokuelekeza, na kila jioni ujaze umerudi duniani kwa asilimia ngapi. Siku ya kwanza 10, siku ya kumi 100. Hesabu safi kabisa, ungedhani tunachaji simu. Chini ya video dada kaandika: "Na wewe mdogo wangu, sasa hivi uko asilimia ngapi?"

Nikaiweka simu chini. Dakika tano baadaye nikaiokota, maana nilishaanza kukadiria. Sitini na mbili? Au sitini na tano, ukiitoa asubuhi?

Hapo ndipo nilipokasirika. Dada sina neno naye, ananipenda na anataka kujua. Aliyenipandisha hasira ni yule jamaa, anayewauzia wagonjwa ugonjwa wao wenyewe na kuuita dawa.

Waliopita huku wanajua ninachosema. Mimi ilinikuta bafuni, baada ya majuma kadhaa ya usingizi wa kuibia na hofu za ghafla zilizokuwa zikiniamsha usiku moyo ukienda mbio. Nilikuwa napiga mswaki. Nikaitazama mikono yangu, ikawa yangu kwa maana ya kisheria tu. Nikatoka, watu wakanisemesha, nikawajibu, na sauti ikasikika kama ya mtu niliyemtuma aniwakilishe. Kila kitu kilikuwa mahali pake lakini bapa, kama picha ya nyumba yetu iliyobandikwa pale nyumba yetu ilipokuwa. Nikasema basi, ndio wazimu umeingia.

Daktari wa kwanza alinisikiliza dakika nne akaniambia nipunguze mawazo. Ushauri wa thamani, peke yangu nisingeufikiria. Wa pili aliuliza swali moja: "Unaamini dunia si ya kweli, au unahisi kama si ya kweli?" Nikasema kama. "Basi hilo kama lishike," akaniambia, "maana aliyepotewa na akili kwa namna unayoiogopa wewe halihitaji." Nimelishika mpaka leo. Ukisoma haya na wewe ni wa kama, pumua kidogo. Ukiwa huna tena kama, au yalikuanza umeshavuka miaka 40, au yanakuja na kupoteza fahamu, usijitibu kwa makala za watu, nenda ukapimwe.

Jina la kitaalamu la kujihisi kama si wewe ni dipasonalaizesheni, na dunia ikiwa ndiyo ya bandia ni dirialaizesheni. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeyaweka yote mawili chini ya ugonjwa mmoja. Ila kinachonichekesha ni neno lilikotoka. Mwaka 1898 Mfaransa aitwaye Ludovic Dugas alilipa maana hii ya kitabibu baada ya kulikuta kwenye shajara ya Mswisi mmoja, Henri-Frédéric Amiel. Huyu Amiel alijaza maelfu ya kurasa akijichunguza anavyohisi, anavyohisi kuhusu anavyohisi, na kadhalika, miaka na miaka. Kwa hiyo jina lenyewe la hali hii limechomolewa kwenye daftari la mtu aliyekuwa akijitazama usiku na mchana. Sasa mtu wa video ananiambia nifungue daftari!

Na daftari ninalo. Ninalo bado, nimelifungia kwenye sanduku. Lina mistari ya rangi mbili, saa upande wa kushoto, alama upande wa kulia. Nilikuwa nagusa ukuta kuona kama ni mgumu. Nalitamka jina langu kuona kama linanihusu. Najitazama kwenye kioo, halafu natazama picha ya mwaka uliopita, nalinganisha macho. Siku moja nilihesabu majaribio ya namna hiyo, nikafika 40 kabla ya saa kumi jioni. Na kila mara jibu lilikuwa lilelile: bado. Lingekuwaje vingine? Nani amewahi kulala kwa kujiuliza kila dakika kama ameshalala?

Wala si maneno yangu mwenyewe haya. Mwaka 2003 watafiti wa London, Elaine Hunter na wenzake, waliuchora huu mduara vizuri. Hofu ikizidi, mwili unapunguza hisia, kama mtu anayeteremsha sauti ya redio inayomuumiza masikio. Hilo peke yake hupita. Watu wengi sana limewapata mara moja maishani, baada ya ajali, msiba au kukesha. Tatizo linaanza pale mtu anapolitafsiri: ubongo umeharibika, nawehuka, sirudi tena. Tafsiri inaleta hofu, hofu inazidi kuteremsha sauti, naye anasogeza sikio karibu zaidi asikie kama bado kumefifia. Ndiyo maana nasema kipimo cha kila jioni si zana ya uponyaji. Ni petroli.

Mtaalamu wa saikolojia aliyenitibu alianzia hapo. Hakugusa ukungu kwanza. Aligusa daftari. Nilibishana naye vikao viwili vizima, maana niliona ananinyang'anya ushahidi. Kisha tukafanya mambo niliyoyaona ya kikatili: ananiambia nikodolee kioo dakika tatu mpaka uso wangu ugeuke wa mtu mwingine, kwa makusudi, halafu nisifanye kitu. Nisikimbie, nisijiguse, nisihesabu. Uso ukageuka, hofu ikapanda, ikakaa, ikashuka yenyewe ikiwa imechoka. Mara ya sita nilikuwa nafikiria nyusi zangu zinataka kunyolewa. Halafu kazi ya nyumbani: kwenda kwenye mwanga mkali na watu wengi, nilikokuwa nimekukimbia, na nikizungumza na mtu nisikilize anachosema, nisisikilize ninavyomsikiliza. Hili la mwisho liliniumiza kuliko kioo. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba watu wanasema mambo.

Mtaniambia, mbona hata wataalamu wanapima? Sawa, nakubali, shingo upande. Kuna dodoso la Cambridge la kupimia hali hii, la mwaka 2000, maswali 29, na nililijaza mwanzo wa tiba na kila baada ya majuma kadhaa. Lakini mtaalamu wangu alilitunza kwenye faili lake na alama sikuzijua mpaka niliposahau kuziulizia. Mpishi kuonja mchuzi mara moja ni tofauti na kusimama na kijiko sufuriani mchana kutwa.

Na zile mbinu za kujirudisha, maji baridi usoni, kutaja vitu vitano unavyoviona? Zinasaidia hofu inapokuwa imekushika koo, sikatai. Mimi nilizigeuza mtihani mwingine: taja vitano, haya, nimerudi? Bado? Taja tena.

Dawa: hakuna iliyoidhinishwa mahususi kwa hali hii, na fluoksetini, dawa ya sonona, ilipojaribiwa mwaka 2004 haikuushinda mfano wa dawa usio na kitu ndani. Kwa hofu kali au sonona inayoambatana nayo ni habari nyingine, muulize daktari wako, wala usiache dawa kwa sababu yangu. Bangi: acha. Usingizi: lala.

Sasa, uaminifu. Hunter na wenzake walipochapisha majaribio ya tiba hii mwaka 2005, walikuwa na wagonjwa 21, hawakuwa na kundi la kulinganisha, na mwishoni chini ya theluthi moja ndio waliokuwa hawana tena vigezo vya ugonjwa. Wengine walipata nafuu ya viwango mbalimbali. Ndio hao watu wenye shahada zao na subira yao. Jamaa wa video na siku zake 10 anapata mia kwa mia, bila shaka ana ubongo mkubwa kuliko London nzima.

Kinachoniuma ni wanaofika siku ya kumi wakiwa kwenye 20. Huyo hasemi "nimedanganywa." Anasema "mimi ndiye niliyeshindikana, wengine wanapona." Nimewahi kukaa kwenye fikra hiyo na ni mahali pabaya. Kama upo hapo sasa na umeanza kufikiria kujiua, acha kusoma, mwambie mtu leo hii, kwa mdomo wako, hata kama sauti itasikika si yako.

Mimi nikoje? Mwezi uliopita nilibishana na dada saa nzima kuhusu nani alivunja kioo cha kabati tulipokuwa watoto. Nilikasirika vizuri, kutoka tumboni. Baadaye, njiani, nikagundua kwamba saa nzima sikujikagua. Nikafurahi, nikajikagua nione, na ukungu huo ukarudi. Nikacheka peke yangu njiani.

Jana nimemjibu ujumbe wake. Nimemwambia asiniulize tena asilimia, aniulize nilifanya nini. Kakaa kimya muda, kisha akaandika: "Haya. Jumamosi njoo unisaidie kulihamisha hilo kabati ulilolivunja."

Sikulivunja mimi.