Death Magnetic: uzito ulirudi, pumzi ikakatika

Bendi kongwe ya roki ikitangaza kwamba albamu mpya "inarudi kwenye uzito wa zamani", mimi hushika mfuko wangu kwanza. Mara nyingi ni dalili kwamba mauzo yameshuka. Metallica, bendi ya metali (roki nzito) ya Marekani, walirudi kweli mwaka 2008, na ndiyo maana Death Magnetic inaniudhi mpaka leo kuliko albamu zao ambazo sizipendi kabisa.

Walikotoka tunakujua. Hawa ndio wa albamu ya Master of Puppets ya 1986. Kufika albamu ya Load, 1996, walishakata nywele na kupunguza mwendo. Mwaka 2003 wakatoa St. Anger, albamu nzima isiyo na solo hata moja ya gitaa, yaani pale gitaa moja linapotangulia mbele na kujionyesha. Kirk Hammett, mpiga gitaa ambaye solo ndiyo kazi yake, alibisha na hakusikilizwa. Halafu ile ngoma ndogo ya Lars Ulrich! Nyaya za chini yake zilifunguliwa, ikawa inalia kama debe la mafuta ya taa. Siku ya kwanza nilipoipiga nyumbani, kaka yangu alitoka chumbani kuuliza nani anagonga sufuria.

Kwa hiyo walipoachana na Bob Rock, prodyuza wao tangu 1991, na kumchukua Rick Rubin, wengi tulifurahi. Rubin aliwataka warudishe akili kule zilikokuwa walipotengeneza Master of Puppets. Zikatoka nyimbo kumi, karibu dakika 75, na solo zikarudi.

Sikiliza The Day That Never Comes. Unaanza taratibu, gitaa safi lisilo na mkwaruzo, James Hetfield anaimba kama mtu anayejisemea peke yake. Ukipita nusu, magitaa yanaanza kukimbizana, kasi inapanda, na mwisho mzima hakuna anayeimba tena. Hammett anapiga kama mtu aliyefunguliwa minyororo. Uzito ninaoutaka mimi ni huo: unyamaziwe kwanza, ndipo upigwe.

Tabu ni kwamba kinapofika kishindo, hakina pa kwenda. Sauti kwenye CD ina dari. Ukitaka wimbo wako uvume kuliko wa jirani, unazipandisha sehemu zenye sauti ndogo zikaribiane na zenye sauti kubwa, na vilele vinavyogonga dari unavikata. Ukiutazama wimbo wa namna hiyo kwenye kompyuta, badala ya milima na mabonde unaona tofali. Death Magnetic ilibanwa hivyo mpaka ngoma ikigongwa kwa nguvu unasikia mkwaruzo, kama spika ya matatu iliyopasuka. Ted Jensen, fundi aliyeikamilisha sauti ya albamu kabla ya kuchapwa CD, alisema kazi ilimfikia ikiwa tayari imeshabanwa.

Na kichekesho ni hiki: nyimbo hizohizo ziliingizwa kwenye Guitar Hero, mchezo wa video, na huko hazikubanwa kiasi hicho. Mashabiki wakagundua kwamba mchezo wa watoto unasikika vizuri kuliko CD waliyoinunua. Maelfu wakatia saini ombi kwamba albamu ichanganywe upya. Ulrich akasema yeye akiisikiliza kwenye gari lake inamkosha. Sawa, gari ni lake.

Najua nitaambiwa metali ni kelele, asiyetaka kelele akasikilize taarabu. (Taarabu naisikiliza pia, na mpiga dumbak mzuri anajua lini aache mkono ukae.) Lakini CD za zamani za Master of Puppets zina sauti ya chini kuliko hii, na hakuna aliyewahi kuiita albamu hiyo nyepesi. Ukitaka ivume, unaongeza sauti mwenyewe. Kitufe kiko kwenye redio yangu, sijamwomba mtu wa studio anizungushie.

Uchungu wangu ni kwamba nyimbo zenyewe ni nzuri. All Nightmare Long ingekuwa ovyo, ningeshaiacha zamani na CD ningempa mtu. Badala yake huwa nairudia, sauti nimeishusha hadi theluthi. Nikifika Cyanide, wa sita, masikio yameshachoka, nazima. My Apocalypse, wa mwisho, kwa kawaida nausikiliza kesho yake asubuhi.