Kibuyu cha Kinjikitile

Mwezi uliopita nilipitia maonyesho ya historia ya shule moja hapa Njombe. Nje ukungu haujaondoka, ndani wanafunzi wamepanga meza: mkuki, ngao, picha. Meza ya mwisho ilikuwa ya Kinjikitile Ngwale, wa Vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Kibuyu kimoja cha maji ya bomba, na kadibodi: "Mganga aliyewadanganya watu kuwa risasi zitageuka maji." Kijana wa kidato cha kwanza akachungulia kibuyu. "Mwalimu, kwa hiyo babu zetu walikuwa wajinga?" Ukumbi mzima ukacheka.

Mimi sikucheka, na wala si uchungu wa ukoo. Kwetu ni Makete, mbali na kwao Kinjikitile.

Kadibodi ile imeanzia mwisho. Kabla ya risasi kulikuwa na pamba, ambayo Wajerumani waliwalazimisha watu wa kusini kuilima tangu 1902 huku mashamba yao yakiota magugu. Mwaka 1904, kule Ngarambe, Rufiji, inasimuliwa kuwa Kinjikitile alipandwa na pepo Hongo, akazama mtoni, akaibuka nguo zake kavu. Watu wakamiminika kwake. Dawa yenyewe ilikuwa maji, mafuta ya mbarika na mtama, vitu vya jikoni tu. Kilichokuwa kigeni ni agizo: Mmatumbi, Mngindo na Mpogoro wanywe dawa moja na wapigane upande mmoja. Huyu alikuwa kiongozi wa dini mwenye fikra, hata kama maji yake hayakuzuia risasi.

Tena aliwaambia wasianze mpaka awape ruhusa. Hawakuvumilia. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba Nandete, na Agosti 4 Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile huko Mohoro, vita ikiwa bado mbichi. Dawa ikasafiri bila mwenyewe, ikapanda milima hadi huku kwetu. Septemba Wabena wakaishambulia misheni ya Yakobi.

Songea, kwenye Makumbusho ya Maji Maji, kuna kaburi la mashujaa walionyongwa Februari 27, 1906. Ukisimama pale huhitaji kuelezwa kitu. Fikra ya mtu ndiyo ngumu kuiweka mezani. Ningekuwa mimi, ningetandika nguo kavu juu ya beseni la maji, kando punje za mtama na pamba ya kung'olewa, mizizi ikiwa bado na udongo. Ukutani, ramani kutoka Ngarambe hadi Yakobi.

Nilimwomba yule kijana kalamu, nikaongeza chini ya kadibodi: "Aliwaambia wangoje."

Akasoma. "Wangoje nini, mzee?"