Bahasha ya Mfadhili

Siku za mechi, barabara inayopita katikati ya chuo kikuu cha SMU hapa Dallas hujaa mahema. Wenyewe wanapaita Boulevard. Nilifika pale Jumamosi moja na rafiki yangu aliyesoma hapo, tukakaribishwa mbavu za kuchoma na watu nisiowajua, na farasi mdogo mweusi aitwaye Peruna, nembo hai ya timu, akapitishwa mbele yetu kwa heshima zote kama bwana harusi. Mwenye hema, mzee wa miaka sabini na kitu, alianza kunisimulia timu yake tangu enzi za baba yake. Alipofika mwaka 1987 alishusha sauti, akawa kama mtu anayetaja msiba wa nyumbani.

Msiba wenyewe ni huu. Tarehe 25 Februari 1987, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kiliifungia timu ya futiboli ya Kimarekani ya SMU msimu mzima. Msimu uliofuata waliruhusiwa kucheza ugenini tu, chuo kikaona heri kisicheze kabisa. Watu waliiita adhabu ya kifo, na hakuna timu nyingine kubwa ya futiboli ya chuo iliyopewa adhabu hiyo mpaka leo. Kosa lao lilikuwa fungu la siri, lililojazwa na mfadhili mmoja, ambalo wachezaji 13 walikuwa wakilipwa kila mwezi. Wa chini alipata dola 50, wa juu dola 725. Jumla yake ilifika kama dola 61,000.

Hesabu hiyo huwa nairudia mara mbili. Wachezaji kumi na watatu, na fedha isiyofika mshahara wa mwaka wa kocha mkuu yeyote wa maana. Timu nzima ikazikwa.

Anayefuata Simba na Yanga hahitaji kuelezwa mfadhili ni mtu gani. Ni yule tajiri anayeipenda timu kuliko biashara yake, au anayejifanya hivyo. Anatoa fedha za usajili, anakaa jukwaa kuu, akinuna klabu nzima inapata homa. Tofauti ni kwamba kwetu mfadhili akimpa mchezaji bonasi, magazeti yanampigia makofi. Marekani, kwa miaka mingi, mfadhili huyohuyo akimlipia mchezaji chakula cha jioni ilikuwa kosa la kuandikiwa ripoti, kwa sababu mchezaji alikuwa mwanafunzi na mpira ulikuwa wa ridhaa.

Ridhaa. Kiswahili kimelipatia hilo neno, ila kila nikilitumia kwa Wamarekani hawa najiuliza ni ridhaa ya nani. Kijana anayefanya mazoezi alfajiri, anaingia darasani, anarudi mazoezini jioni, na Jumamosi anagongana vichwa mbele ya watu elfu themanini waliokata tiketi, hakuna aliyewahi kumuuliza kama ameridhia kutolipwa. Aliwekewa fomu akasaini.

Hata lile jina la "mwanafunzi mwanamichezo" lina asili yake. Mwaka 1955 kijana mmoja, Ray Dennison, alifariki kwa jeraha la kichwa alilopata akiichezea chuo kidogo cha Colorado, Fort Lewis A&M. Mjane wake akadai fidia, ile anayolipwa familia ya mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya jimbo ikamwambia hapana, mumewe hakuwa mfanyakazi. Walter Byers, aliyeiongoza NCAA kwa miongo mitatu na zaidi, alikuja kukiri uzeeni kwamba jina hilo walilitunga kwa hofu ya kesi za namna hiyo, ili mchezaji asije akahesabiwa kuwa mwajiriwa. Kwa hiyo mtu akiniambia sheria za kukataza bahasha za wafadhili ziliwekwa kulinda usafi wa mchezo, namkumbuka yule mama.

Turudi kwenye bahasha za SMU, maana kuna moja iliyoonekana kwa macho. Novemba 1986 mtangazaji wa michezo wa televisheni ya hapa Dallas, Dale Hansen, alikuwa amempata mchezaji wa zamani, David Stanley, aliyesema hadharani kwamba alipewa dola 25,000 ili asaini, na malipo ya kila mwezi baada ya hapo. Hansen akaenda ofisini kwa wakubwa wa timu na kamera, akamwekea mratibu wa usajili bahasha iliyotumwa nyumbani kwa kina Stanley. Ina herufi za kwanza za jina la mratibu huyo. Yule bwana anaishika, anaitazama, kwanza anakubali kwamba mwandiko unafanana na wake, halafu anaanza kurudi nyuma. Ni dakika chache tu, lakini ukimtazama usoni unajua timu imekwisha.

Na juu yake walikuwepo wakubwa zaidi. Siku chache baada ya adhabu, Bill Clements, gavana wa Texas, ambaye kabla ya kuapishwa alikuwa mwenyekiti wa bodi ya SMU, alikiri kwamba yeye na wenzake kadhaa wa bodi walijua. Tena walikubaliana malipo yaendelee, kwa sababu vijana walikuwa wameshaahidiwa, mpaka wamalize chuo mmoja mmoja. Mimi, kusema kweli, katika sakata zima hiyo ndiyo sehemu pekee inayonipa heshima kidogo kwa wale wazee. Ahadi ni deni, hata ikitolewa gizani. Lakini Clements alimaliza muhula wake wa ugavana. Wafadhili waliotajwa waliambiwa wakae mbali na timu, wakarudi kwenye majengo na biashara zao.

Walioumia ni wengine. SMU iliporudi uwanjani mwaka 1989, kikosi kilikuwa cha vijana wabichi ambao wakati bahasha zinagawiwa walikuwa bado sekondari. Houston iliwafunga 95 kwa 21. Chuo hakikupata tena mechi ya mwisho wa msimu, zile wanazoita bakuli, mpaka mwaka 2009. Miaka ishirini na tano tangu ile ya 1984. Adhabu ya NCAA ilikuwa hivyo sikuzote: inapofika, mla nyama kashaondoka, anakutwa mwosha vyombo.

Chukua Memphis. Mwaka 2000 kulikuwa na kijana wa sekondari, Albert Means, mlinzi mkubwa aliyegombewa na vyuo vingi. Kocha wake wa sekondari alikiri mahakamani kwamba alipokea dola 150,000 ili amwelekeze Alabama, na kwamba zilitoka kwa mfadhili wa Alabama, Logan Young. Young alikana mpaka kufa kwake, ingawa baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani mwaka 2005. Alabama ilinyang'anywa nafasi 21 za udhamini wa masomo, ikakosa mechi za bakuli misimu miwili. Kijana mwenyewe aliuzwa kama ng'ombe mnadani, bei akaichukua aliyeshika kamba, na bado jina linalokumbukwa na kila mtu ni lake.

Halafu kuna Laremy Tunsil wa Ole Miss, yaani chuo kikuu cha Mississippi, ambaye habari yake hainitoki. Usiku wa Aprili 2016, Chicago, dakika chache kabla timu za kulipwa hazijaanza kuchagua wachezaji wapya, mtu alivamia akaunti zake za mtandaoni. Watu wengi wanakumbuka video ya bangi. Mimi nakumbuka ujumbe uliofuata, mazungumzo yake na ofisa wa michezo wa chuo. Kijana anaomba fedha ya kodi ya nyumba, na pia ya bili ya umeme ya mama yake. Dola 305.

Mwandishi akamuuliza usiku uleule kama alipokea fedha kwa watu wa chuo. Akasema ndiyo. Hakuzunguka. Kila aliyewahi kupigiwa simu na mama kwamba luku imekata anajua hiyo dola 305 ni nini, na anajua kwamba mtoto anayetazamwa na nchi nzima Jumamosi haiwezekani Jumatatu amwambie mamaye hana. Huyo aliitwa mvunja sheria. Mwaka 2015 alikuwa ameshafungiwa mechi saba, kwa makosa yaliyohusu pia magari ya kuazimwa.

Sasa weka hiyo bili pembeni ya hii. Mwishoni mwa 2005 tajiri wa mafuta, T. Boone Pickens, aliipa idara ya michezo ya Oklahoma State dola milioni 165. Uwanja ulikuwa tayari unaitwa kwa jina lake. Halali kabisa, alipigiwa ngoma. Mfadhili aliweza kununua viti, nyasi, taa, vyumba vya kubadilishia nguo vyenye sofa za ngozi, hata kumfukuza kocha: Texas A&M ilipomwondoa Jimbo Fisher mwaka 2023, kuvunja mkataba wake tu kuligharimu kama dola milioni 76, za kumlipa asifanye kazi. Kitu pekee ambacho fedha ya mfadhili haikuruhusiwa kugusa ni mkono wa mchezaji. Kulikuwa na sheria iliyoruhusu chuo kumpa mwanamichezo mkate wa mviringo kama kitafunwa, ila ukipakwa jibini unakuwa mlo, na mlo una masharti yake. Watu wazima wenye shahada za sheria walikaa mezani kujadili jibini.

Wapo wanaosema udhamini wa masomo ndio malipo yenyewe. Sipuuzi hilo, najua ada za vyuo vya hapa na najua ndugu zangu wanaofanya kazi mbili kulipia mtoto mmoja. Lakini udhamini haulipi umeme wa mama. Na ukiumia goti, ukashuka kiwango, kwa miaka mingi chuo kiliweza kutouhuisha mwaka unaofuata.

Tangu tarehe 1 Julai 2021 mambo yamegeuka. Wachezaji wameruhusiwa kulipwa kwa jina, sura na umaarufu wao. Wafadhili hawakuchelewa. Wakaunda vikundi vya kuchangishana kwa kila chuo, vikoba vya mamilionea, na kilichokuwa bahasha kikawa mkataba wa matangazo. Nyumbani tulikuwa na takrima, khanga na pilau za kampeni, ambayo sheria iliita ukarimu mpaka Mahakama Kuu ilipoitupa mwaka 2006. Marekani wamekwenda njia hiyohiyo kinyumenyume: wameanza na rushwa, wamefika kwenye takrima.

Nilifurahi, kisha nikasoma habari za Jaden Rashada. Kijana wa California, mrusha mpira. Mwishoni mwa 2022 alisaini kwenda Florida, akiwa ameahidiwa dola milioni 13.85 na watu wa kikundi cha wafadhili. Mkataba ukavunjwa kabla hajavaa jezi. Akaomba aachiliwe, akaenda Arizona State, na mwaka 2024 akamshtaki aliyekuwa kocha wa Florida wakati huo pamoja na mfadhili mmoja, akidai alidanganywa. Mahakama na iseme ya kwake. Mimi nilichokiona ni kwamba zamani mfadhili alikuwa anavunja sheria na kutimiza ahadi, na sasa inawezekana akafuata sheria na ahadi ikayeyuka.

Ndiyo maana siungani na wanaolia kwamba fedha imeharibu mchezo, wala na wanaoshangilia kwamba haki imepatikana. Fedha ilikuwepo sikuzote. Ninachokitaka ni kile alichonyimwa mjane wa Dennison: mchezaji awe mwajiriwa wa chuo, mwenye mkataba, bima ya jeraha na chama cha wafanyakazi, na mfadhili abaki kuwa shabiki mwenye hela. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa ukomo wa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, na mikataba ya nje ya dola 600 au zaidi lazima iripotiwe ili ikaguliwe kama ni biashara ya kweli. Ni hatua. Lakini neno mwajiriwa bado wanalikwepa kama lina ukoma, na pale neno hilo linapokosekana ndipo mfadhili anapopitisha mkono.

SMU yenyewe? Imerudi mjini. Ilipokubaliwa kuingia ligi kubwa ya ACC mwaka 2023, ilikubali kukaa miaka tisa bila mgawo wa televisheni wa ligi hiyo, na wafadhili wakachanga dola milioni 100 kwa wiki moja kuziba pengo. Msimu wa kwanza tu wakaingia kwenye mchujo wa ubingwa. Milioni mia moja kwa wiki, mchana kweupe, katika mji uleule ambako timu ilizikwa kwa elfu sitini na moja.

Yule mzee wa Boulevard alikuwa anajua tarakimu zote hizo kwa kichwa. Nikamuuliza, kwa utani wa kigeni unaosamehewa, kama enzi zile naye aliwahi kuchangia lile fungu. Akacheka, akaniongezea ubavu mwingine kwenye sahani.