Kodi ya majengo: anayekaa kwenye nyumba yake naye alipe?

Bajeti ya halmashauri ya jiji inatakiwa ipitishwe kabla mwezi wa Mei haujaisha, ili mwaka mpya wa fedha ukianza tarehe 1 Julai kuwe na kitu cha kutumia. Kwenye vikao hivyo, iwe Jinja, Mbarara, Gulu au mojawapo ya majiji mengine ya Uganda yaliyopandishwa hadhi mwaka 2020, ruzuku za serikali kuu hujaza kurasa na kurasa. Mapato ya ndani hayajazi hata nusu ukurasa.

Kasoro ya ruzuku ni kwamba huja zimefungwa. Ya mishahara ya walimu ni ya mishahara, ya vituo vya afya ni ya vituo vya afya, na diwani hawezi kuhamisha shilingi moja akazibue mtaro wa mtaani kwake. Fedha anayoweza kuipangia ni ile ya leseni za biashara, ada za masoko, kodi ya huduma za mitaa, kodi ya hoteli na kodi ya majengo. Kodi ya huduma za mitaa, iliyokuja baada ya kufutwa kwa kodi ya kichwa mwaka 2005, ni ndogo mno: mwajiriwa mwenye mshahara wa zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwezi hulipa 100,000 kwa mwaka mzima, na hata akipata milioni 10 hazidi hapo. Inabaki kodi ya majengo, ambayo inamsamehe mwenye nyumba anayeishi ndani ya nyumba yake. Ndiyo maana hoja ya kuufuta msamaha huo hairuhusiwi kufa.

Kwanza tuone kodi yenyewe inavyohesabiwa, maana wengi hubishana bila kuigusa. Mthamini hakadirii bei ya kuuzia nyumba. Anakadiria pango ambalo ingeleta kwa mwaka, anatoa sehemu kwa ajili ya matengenezo na gharama nyingine, na kinachobaki ndicho kinachotozwa. Kiwango hupangwa na baraza na sheria inakiwekea kikomo cha asilimia 12. Kampala wanatoza asilimia 6. Chukua jengo la vyumba sita vya mpangaji mmoja mmoja, kila chumba shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 10.8. Tukitoa robo kwa hesabu nyepesi, inabaki milioni 8.1, na asilimia 6 yake ni 486,000. Igawe kwa vyumba sita na miezi 12, unapata shilingi 6,750 kwa chumba kwa mwezi.

Hizo 6,750 nani anazilipa? Hati ya madai ina jina la mwenye jengo, lakini atakayezitoa mfukoni ni mpangaji. Sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya mwaka 2022 inazuia pango lisipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na 6,750 kwenye 150,000 ni asilimia 4.5 tu, kwa hiyo inapenya bila kuvunja kitu. Matokeo yake fundi anayelala chumba kimoja na watoto watatu anachangia taa za barabarani, ilhali mwenye jumba la ghorofa mbili na ukuta wa umeme kule Kololo au Muyenga jijini Kampala, akikaa mwenyewe, hadaiwi hata shilingi. Upande wanaotaka msamaha ufutwe hauna hoja nzito kuliko hii, na cha ajabu huisema mara chache. Husema zaidi habari za "kupanua wigo wa mapato", maneno yasiyomgusa yeyote asiye mhasibu.

Wanaopinga nao hawabahatishi. Nyumba unayoishi haikuletei fedha. Mwalimu mstaafu aliyejenga Ntinda, Kampala, wakati kiwanja bado ni rahisi amezungukwa leo na maghorofa. Thamani imepanda, pensheni imebaki palepale. Mthamini atamwandikia pango la mtaa wa leo, na atalilipa kwa kitu gani? Kuna pia suala la ardhi: kwenye mailo, mfumo wa umiliki wa ardhi ulioenea Buganda, mwenye hati ni mmoja na mwenye kibanja, yaani aliyejenga juu ya ardhi hiyo kwa haki ya kuikalia, ni mwingine, na kumjua wa kuandikiwa deni ni kesi kamili. Wenye nyumba za kupangisha wanaongeza lao: tayari URA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, inawatoza asilimia 12 ya pango linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Kwa lile jengo letu la vyumba sita hiyo ni 957,600, na hapo halmashauri bado haijabisha hodi.

Lakini kinachowakera watu zaidi ni kutoona fedha inakokwenda. Sheria ya mwaka 2005 inataka angalau asilimia 75 ya kodi ya majengo itumike kwenye huduma za eneo: barabara, taa, mitaro ya kuzuia malaria, uzoaji taka, mipango miji. Kwa maandishi ni sawa kabisa. Kwa vitendo, mlipaji anapewa namba ya malipo, analipa benki au kwa simu, na fedha inaingia kwenye Mfuko Mkuu wa Serikali kabla ya kurudi kwa halmashauri kwa robo mwaka. Ikichelewa, karani wa jiji hana dizeli ya lori la taka ingawa watu wake wamelipa. Ikizidi makadirio, inahitaji bajeti ya nyongeza kabla ya kuguswa. Na ikirudi, hugawanywa: nje ya Kampala, divisheni, yaani sehemu ya jiji yenye baraza lake, hubaki na nusu ya inachokusanya na nusu hupanda jijini. Barabara ikiharibika, kila upande unasema fedha iko kwa mwenzake.

Posho nazo zimo. Madiwani wanaruhusiwa kutumia kwa malipo yao hadi asilimia 20 ya mapato ya ndani ya mwaka uliotangulia. Mapato yakikua, na dari la posho linapanda. Sisemi ndiyo sababu wanaitaka kodi. Ila mwananchi anayeuliza hilo kwenye mkutano wa bajeti asichukuliwe mkorofi.

Kwa maoni yangu msamaha wa jumla umekosewa, na kuufuta kwa jumla kutakosewa vilevile. Kinachofaa ni kikomo cha thamani: nyumba ya kuishi ambayo pango lake linakadiriwa chini ya kiasi fulani isamehewe, iliyo juu ilipe kwa kile kinachozidi. Mstaafu mwenye nyumba ghali apewe nafasi ya kuahirisha, deni likae juu ya nyumba hadi iuzwe au irithiwe. Hilo linahitaji Bunge, si azimio la baraza, na wabunge wanaoweza kulipitisha wengi wao wanaishi kwenye nyumba za aina hiyohiyo.

Yapo yasiyohitaji Bunge. Orodha ya uthamini inatakiwa kufanywa upya kila baada ya miaka mitano; ikizeeka, maghorofa mapya hayamo na ya zamani yanalipa pango la enzi zilizopita. Kampala ilianza upya na divisheni ya Central, kwenye maduka na maofisi, na ndivyo inavyopaswa, kwa kuwa hapo ndipo fedha ilipo. Kisha msamaha uliopo ukaguliwe nyumba kwa nyumba. Mara nyingi mwenyewe anakaa nyumba ya mbele, vyumba vinne vya uani vimepangishwa, na kiwanja chote kimeandikwa makazi ya mwenyewe. Mita za umeme zilizopangwa ukutani zinatosha kumwambia mkaguzi aulize zaidi. Vyumba vile vya uani vinastahili kutozwa kodi leo hii, kwa sheria iliyopo.

Halafu taka. Dampo la Kiteezi liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Tangu hapo ni vigumu kudai kwamba uzoaji taka unaweza kusubiri, na ni vigumu vilevile kumwomba mwananchi fedha mpya bila kumwonyesha ya zamani ilizoa tani ngapi. Halmashauri inayotaka kuaminiwa ibandike kwenye ubao wa divisheni, kila robo mwaka, mistari mitatu: kodi ya majengo iliyolipwa hapa, iliyorudi kutoka hazina, na mtaro au barabara iliyofanyiwa kazi kwa fedha hiyo, pamoja na jina la mtaa. Ubao upo tayari, una matangazo ya zabuni.