Usiupeleke mchoro wako kwenye mashine ya plastiki

Mchoro wa kwanza niliouonea fahari ulikuwa uso wa bibi yangu, nilioufanya kwa mkaa kwenye karatasi ya A3. Niliogopa vumbi na mvua za Tanga, nikaupeleka steshenari wauvike plastiki kwa ile mashine ya moto. Ulitoka unang'aa kama kitambaa cha meza ya mgahawa. Chini ya jicho la kushoto palijaa viputo, kwa sababu gundi ilishindwa kushika penye mkaa mwingi, na ile mikunjo ya paji la uso niliyoikeshea ikawa kivuli kimoja. Hakuna dawa. Gundi ile huyeyuka na kuzama katika nyuzi za karatasi. Ukibandua plastiki, bibi anakuja nayo.

Tangu siku ile nina msimamo mmoja, na kila kijana anayechora nikikutana naye namwambia: usiufanyie mchoro jambo ambalo huwezi kulitengua kesho. Wahifadhi wa makumbusho nao wanashikilia hilohilo, na wala halihitaji pesa.

Wengine hupuliza spreyi ya nywele ili mkaa usifutike. Unashika kweli, lakini spreyi ile haikutengenezewa karatasi, na baada ya muda hugeuka njano. Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, alipokuwa katika mji wa The Hague kwao Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 1880, aliimwagia michoro yake ya penseli maziwa yaliyochanganywa na maji. Kwetu pwani, kwa joto hili na sisimizi hawa, siwezi kumshauri mtu ajaribu. Mchoro wa penseli hauhitaji kupuliziwa kitu. Unahitaji tu usisuguliwe. Nunua karatasi ya kuokea keki, ile isiyo na nta, kata kipande kilingane na mchoro, kilaze juu yake. Roli moja inatosha michoro mingi sana.

Selotepu nayo naichukia kwa dhati. Ikizeeka, plastiki hutoka yenyewe na gundi hubaki kama doa la chai ambalo halitoki. Badala yake tengeneza vipembe. Chukua kipande cha karatasi nyeupe safi, kikunje kiwe kama kofia ndogo ya pembetatu, uchomeke kona ya mchoro ndani yake, kisha gundi uipake nyuma ya kofia tu na kuibandika kwenye manila. Fanya hivyo kona zote nne. Mchoro unakaa imara bila kuguswa na tone la gundi, na siku ukitaka kuutoa unaupinda kidogo tu, unachomoka.

Mifuko ya plastiki ya kwenye faili inafaa kwa penseli na peni, ila igeuze kwanza utafute alama ya pembetatu. Yenye namba 5 ni nzuri. Ile laini inayonuka, mara nyingi namba 3, hunata kwenye mchoro na kuondoka na wino. Mkaa usiutie kwenye plastiki kabisa, maana plastiki huuvuta unga wake. Magazeti usiyatumie kufungia, wala usiegemeze mchoro moja kwa moja kwenye katoni ya kahawia: asidi yake inahamia. Nimewahi kufungua fremu ya zamani nikakuta mgongo wa picha una michirizi ya kahawia, mstari kwa mstari, kama mbavu za ile katoni.

Michoro ya peni usiitundike panapopiga jua. Penseli ni kaboni, haipauki. Wino wa peni unapauka.

Lakini adui mkubwa wa pwani ni unyevu. Ukipita asilimia 65 hewani, koga huanza kuota, na masika huku haitupi nafuu. Faili langu halikai sakafuni wala halijagusa ukuta wa nje. Liko juu ya kabati, limelazwa. Mvua zikikatika nalifungua, nazitandaza karatasi kivulini penye upepo, nageuza moja moja kutafuta vidoa na vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokula karatasi. Kila mchoro nimeupiga picha kwa simu kabla haujaingia humo, karibu na dirisha, asubuhi.

Bibi nilimchora tena. Safari hii yumo kwenye faili, chini ya karatasi ya keki, na mikunjo yake yote ipo.