Kiswahili cha mama yangu si kibovu

Wiki iliyopita nilimpeleka mama Kariakoo. Ilikuwa siku yake ya tatu tangu afike kutoka Lubumbashi, Kongo, na hamu yake ilikuwa moja tu, kupika. Kwenye duka la nafaka alichota unga kwa vidole viwili, akausugua, akaunusa, kama afanyavyo kwetu soko la Kenya (komini, yaani sehemu ya mji wa Lubumbashi, si nchi), kisha akauliza, "Ni hii unga banapikaka bukari?" Bukari ndiyo ugali. Kijana wa dukani akamtazama mwenzake, wakaangua kicheko. "Mama, hicho nacho Kiswahili?"

Mama hakujibu. Tangu hapo mpaka tunarudi nyumbani hakusema neno na mtu yeyote; alikuwa ananivuta mkono na kunionyesha kwa kidole anachotaka. Huyu ni mwanamke aliyeuza samaki wakavu miaka zaidi ya ishirini, akibishana bei na watu wa kila kabila. Moyo wangu haujatulia hadi leo.

Kiswahili hicho kina historia yake, na ni historia ya kazi. Reli kutoka kusini ilifika Lubumbashi mwaka 1910, mji ukaanza, na mwaka uliofuata tanuri la shaba likawaka. Kampuni ya migodi, Union Minière, ilitaka watu, ikawachukua Kasai, Lomami, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), baadaye Rwanda na Burundi. Mluba alipakana na Mbemba, Mbemba na Mnyarwanda, kila mmoja na lugha yake, na wote walitakiwa kuelewana mbele ya moto. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha.

Nacho kilifikaje Katanga, jimbo letu? Kililetwa na wafanyabiashara wa mashariki, wakiwemo watu wa mtawala Msiri waliotoka Unyamwezi wakaweka makao Bunkeya. Yaani kilitoka huku huku anakochekwa mama.

Kila aliyekipokea aliacha alama yake. "Batoto" ina ba- ya Kiluba na Kibemba. "Katoto" ni mtoto mdogo, anayeitwa kwa upendo. "Banapikaka" maana yake wanapika kila siku, ndiyo desturi yao. Kiambishi kimoja kidogo kimebeba maelezo yote hayo. Aliyeishi Kamalondo au Katuba, komini za Lubumbashi, husikia ndani ya sentensi moja babu zetu walitoka wapi. Na hapo sijawagusa Wagiriki, wala Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes waliojenga sinagogi lao mwaka 1930.

Sawa, mtihani na taarifa ya habari vinahitaji Kiswahili sanifu. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa taabu, na kinanilisha.

Wala sisemi mji wetu hauna dhambi. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga. Familia zililala kwenye vituo vya treni Likasi na Kolwezi zikingoja mabehewa, na wengine walifia pale pale. Baba yangu ni Mluba wa Kasai, mama ni Mbemba. Jirani mmoja alitufungia mlango. Mwingine alituficha chumba cha nyuma wiki mbili, sisi na magodoro yetu. Wote wawili walisema Kiswahili hicho hicho, na mama aliporudi sokoni aliwauzia wote wawili samaki kwa lugha hiyo. Ndiyo maana sivumilii kusikia kinaitwa kibovu. Kimebeba mambo ambayo wengi wetu tusingeweza kuyabeba.

Jioni ile bukari iliiva, na sombe, yaani kisamvu, pembeni. Watoto wa jirani, Wazaramo, walikuwa wamesimama mlangoni wakivuta harufu. Mama akawageukia, na kwa mara ya kwanza tangu Kariakoo nikamsikia akipaza sauti: "Batoto, mukuye mukule!"

Wakanawa mikono, wakaketi.