Kabla hujampeleka mbali

Familia ikishakubali kwamba mmoja wao amezama kwenye pombe au dawa za kulevya, wazo la kwanza huwa ni kumwondoa. Apelekwe mbali, asikojulikana, akakae miezi mitatu, arudi mtu mpya. Wanaosema hivi huwa na nia njema kabisa, na kila nikiwasikia nabaki na swali moja: atarudi wapi? Maana kurudi atarudi. Atashuka na begi lake mtaa ule ule, atapita kona ile ile, na waliokuwa wakimpigia simu bado wanayo namba yake.

Msimamo wangu ni huu, na najua wapo watakaoupinga. Tiba ya kawaida iliyo karibu, ambayo mtu anaweza kuiendea kwa mwaka mzima au miwili bila kuhama kwake, ina faida kuliko kituo chenye sifa kubwa kilicho mbali, atakachokaa siku tisini kisha asikione tena. Mwaka 2000 Thomas McLellan na wenzake walichapisha katika JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, makala iliyoulinganisha uraibu na kisukari, shinikizo la damu na pumu. Walionyesha kwamba wagonjwa wa maradhi hayo nao huacha dawa, huzidiwa na kurudi hospitali, kwa viwango vinavyokaribiana na vya waraibu. Hata hivyo sijasikia mtu akimpeleka mgonjwa wa kisukari mbali kwa miezi mitatu, kisha anamtangaza kuwa amepona na kumkasirikia sukari ikipanda.

Wanaotetea safari ya mbali wana ushahidi wao, tena si haba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorejea kutoka Vietnam. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amepata uraibu wa heroini akiwa kule, na serikali ilitarajia balaa. Balaa halikuja: katika mwaka wa kwanza baada ya kurejea, ni takriban asilimia 5 tu ya waliokuwa waraibu kule walioingia tena kwenye uraibu. Basi watu husema, unaona? Badilisha mazingira, mtu apone. Mimi nausoma utafiti huo kinyume. Wale wanajeshi waliondoka kule walikojifunzia heroini, wakaenda nyumbani, hawakurudi tena vitani. Mgonjwa wetu anafanya safari ya kinyume: anapumzishwa mahali pageni, halafu anarudishwa palepale alipokuwa akitumia, na mikono mitupu.

Na wiki za kwanza za kurudi ndizo zinazoua. Mwili uliokaa bila heroini unapoteza uzoefu wake, na kipimo ambacho zamani kilikuwa cha kawaida sasa kinazima pumzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu watu waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani, ulikuta kwamba katika wiki mbili za mwanzo hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dozi ilikuwa mara 129 ya ile ya watu wengine wa jimbo hilo. Gereza si kituo cha tiba, lakini mwili hautofautishi kuta. Anayetoka kwenye nyumba ya kuachia dawa bila mpango wowote wa kesho yake anaingia kwenye hatari ya namna hiyohiyo.

Nikubali kwamba kuna wanaopaswa kuondoka kweli. Kama ndani ya nyumba ndimo inamouzwa, au mume ndiye anayemletea mke na kumpiga akikataa, umbali ni usalama na usicheleweshwe. Lakini hao ni baadhi.

Sasa karibu ni wapi? Mlango wa kwanza, ambao wengi wanauruka, ni hospitali ya kawaida. Wanauruka kwa kuwa tumezoea kuuita ulevi tabia, na tabia haina daktari. Matokeo yake mtu anafungiwa chumbani, ndugu wanakaa mlangoni kwa zamu, wanasubiri “sumu itoke”. Arosto ya heroini, yaani hali ya mwili unapoikosa, inatesa vibaya: kutapika, kuhara, mifupa kuuma, usingizi kupotea. Ila kwa mtu mwenye afya ya wastani, anayepewa maji ya kutosha, ni nadra iue yenyewe. Ya pombe inaua. Kwa aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, kutetemeka na jasho huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho. Kifafa kinaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, hata kwa mtu asiyewahi kuanguka maishani. Kwa baadhi, kati ya siku ya pili na ya nne, akili huvurugika: hajui alipo, anaona wadudu ukutani, moyo unakwenda mbio, homa inapanda. Hapo familia husema amerogwa au amekuwa kichaa, na saa zinapotea.

Dawa ya hali hiyo ipo, na si ya ajabu. Ni diazepamu, dawa ya kutuliza, au ndugu zake kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1, kwa sababu mnywaji wa muda mrefu mara nyingi ameishiwa nayo na upungufu huo unaweza kuharibu ubongo kwa kudumu. Huduma hii hospitali ya kawaida inaweza kuitoa. Ndiyo maana kumwachisha mlevi wa miaka mingi pombe ghafla, nyumbani, kwa kumnyang'anya chupa, ni jambo ninalolipinga bila kumung'unya maneno.

Niliwahi kukaa na mama mmoja, jirani yangu, akitafuta pa kumpeleka mwanawe. Tuliweka simu sauti ya juu, mezani. Sehemu ya kwanza alipokea kijana mchangamfu. Mama akaanza kueleza kwamba mtoto anakunywa tangu asubuhi. Yule kijana akamkatiza kwa upole: “Pole sana mama. Mtalipa kwa mkupuo au kwa awamu?” Mama akasema, “Ngoja kwanza baba. Mwanangu akiamka anatetemeka mpaka kikombe kinamshinda. Daktari mnaye?” Akajibiwa: “Hapa kwetu ni nidhamu, mama. Atazoea tu.” Mama alinitazama, akakata simu bila kuaga.

Sehemu ya pili alipokea muuguzi, sauti ya uchovu, na nyuma yake watu wanaongea. Hakuuliza pesa. Aliuliza kijana anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, amewahi kuanguka kifafa, kuna vidonge vyovyote anavyotumia. Akanyamaza kidogo, nadhani alikuwa anaandika. Kisha akasema: “Mama, leo msimwachishe. Kesho asubuhi mleteni. Ila kama usiku huu ataanza kuona vitu au kutetemeka kupita kawaida, msingoje kesho, mkimbizeni hospitali yoyote iliyo wazi.”

Kwangu mimi yale maswali ya muuguzi ndiyo kipimo cha kituo. Ukipiga simu, sikiliza wanachokuuliza kabla hujasikiliza wanachokuahidi. Anayetaka kumtibu mtu lazima atake kujua anatumia nini na tangu lini. Anayekuhakikishia kupona, tena kwa asilimia mia, anakuuzia kitu. Na wewe uliza: nani anatoa dawa na ana cheti gani? Mgonjwa akizidiwa usiku anapelekwa wapi? Akiteleza na kutumia tena mnamfanya nini? Jibu la swali hili la mwisho linafichua mengi. Kituo kinachomfukuza mgonjwa kwa kuonyesha dalili ya ugonjwa uliomleta, sijui kinatibu nini.

Kuna swali jingine ambalo watu wanaona aibu kuliuliza: mnafunga watu? Ulizeni. Zipo nyumba zinazotia watu minyororo, zinazowachapa, zinazowanyima chakula na kuita hayo marekebisho. Mwezi Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja yakitaka vituo vya kuwashikilia waraibu kwa lazima vifungwe. Kama hawaruhusu ndugu kumwona mgonjwa, wala kuongea naye faragha hata kwa simu kwa wiki nyingi, ondokeni hapo. Hii nayo ni faida ya ukaribu: unaweza kutokea ghafla siku ya katikati ya wiki ukaona kwa macho yako.

Kwa heroini na jamaa zake, hoja ya ukaribu haina mjadala kabisa. Mwaka 1965 Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York walichapisha matokeo ya kuwatibu waraibu wa heroini kwa methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini mwilini. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiingiza, pamoja na buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotoka katika jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2017 yalikuta vifo vya walio kwenye methadoni vilikuwa karibu theluthi moja ya vile vya walioiacha. Lakini methadoni hunywewa kila siku. Mtu anafika dirishani, anatajwa jina, muuguzi anampimia, anakunywa hapohapo akitazamwa, kisha anaongea maneno mawili matatu ili ionekane amemeza. Anaenda zake kazini. Kesho tena, na kesho kutwa. Kliniki ya namna hiyo ikiwa mbali, nauli na uchovu vitamshinda kabla uraibu haujamshinda.

Watasema ni kubadilisha ulevi kwa ulevi mwingine. Wanaosema hivyo wangekaa nje ya dirisha lile asubuhi moja. Methadoni hukaa mwilini siku nzima na zaidi. Anayeitumia kwa kipimo sahihi anaamka bila arosto, halewi, hahitaji kuiba ili apite siku. Kama mnaitafuta tiba hii, ulizeni moja kwa moja kama inatolewa, kwa sababu vituo vingine haviitaji kabisa kwa kuwa wenyewe hawaiamini. Hata kwa pombe kuna dawa za kupunguza hamu: naltreksoni iliidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo tangu mwaka 1994, na bado unaweza kuzunguka vituo vitatu usisikie jina lake. Kwa kokeini na dawa za kuchangamsha mwili hakuna kidonge kilichothibitika namna hiyo. Kinachosaidia zaidi ni mpango wa zawadi ndogondogo kwa kila kipimo cha mkojo kinachotoka safi, na watu huucheka mpaka waone unavyofanya kazi.

Kuhusu aina ya ushauri nasaha, sikushauri uumize kichwa. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioitwa Project MATCH, uliotoa matokeo yake mwaka 1997, uliwagawa zaidi ya wanywaji 1,700 katika aina tatu tofauti za ushauri. Wote walipata nafuu kubwa, na tofauti kati ya aina hizo ilikuwa ndogo. Basi chagua mshauri ambaye mgonjwa wako atakubali kurudi kwake wiki ijayo. Vikundi vya walioacha pombe viitwavyo AA (Alcoholics Anonymous), vilivyoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, havitozi ada ya uanachama na mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliviunga mkono. Kama kimoja hakimkai, ajaribu kingine.

Wanaoumizwa zaidi na desturi ya kupeleka mbali ni wanawake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu dawa za kulevya ya mwaka 2024 ilisema ni mtu 1 kati ya 11 mwenye matatizo ya dawa hizo anayepata tiba. Kwa wanaume ni 1 kati ya 7, kwa wanawake 1 kati ya 18. Vituo vingi vya kulala vilijengwa vikimfikiria mwanaume. Mama mwenye watoto wawili hawezi kutoweka miezi mitatu. Akiomba msaada anaogopa kunyang'anywa hao watoto, basi anakunywa kimya kimya jikoni. Kliniki ya mchana, ya kwenda na kurudi, ndiyo peke yake atakayoifikia, na kwa hiyo ndiyo ya kudai ijengwe na ipewe fedha.

Mara nyingi mtapiga simu mwambiwe nafasi hakuna, mngoje. Msikate simu. Ombeni mgonjwa aandikwe kwenye orodha, na mwambieni anayepokea kwamba mko tayari kufika hata kwa taarifa ya saa moja, kwa sababu kuna wanaopangiwa siku na hawatokei. Mpeleke hospitali ya karibu apimwe ini, virusi vya homa ya ini na VVU, maana hayo hayangoji foleni. Kama anatumia heroini, ulizeni naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha dozi, inapatikana wapi, iwekwe nyumbani, na kila anayelala humo ajue kuitumia. Mtu akizidisha dozi mnakuwa na dakika chache tu, na yeye mwenyewe hawezi kujichoma. Na hata baada ya kuipewa akaamka, apelekwe hospitali, kwa sababu naloksoni inaweza kuisha nguvu kabla ya heroini.